Wageni Wawili katika Tangi la Mama Mdogo

Maji yaliyolala ndooni siku mbili yana harufu yake. Si ile ya maji ya bomba yanapotoka, kali, inayokukwaruza pua kama dawa ya kufulia, wala si ya maji ya mfereji unaoteremka kutoka mlimani na majani ya migomba yaliyooza. Ni harufu tulivu, ya ubaridi na plastiki na vumbi kidogo, na mimi nikiinusa popote pale narudi Moshono, pembeni ya mji wa Arusha, kwenye Juni ile nilipokuwa na miaka tisa. Mlima Meru ulijifunika ukungu tangu siku niliyofika, ukakataa kujionyesha karibu mwezi mzima, hata nikaanza kudhani umehamia mkoa mwingine. Baridi yake ilikuwa ya kugandisha uji mdomoni kabla hujaumeza. Anayebisha hakuwepo.

Nilipelekwa huko kwa sababu ya Mama mdogo Nengai, mdogo wake mama yangu. Alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu daktari alimwambia alale, ainuke kwa ajili ya choo na kuoga tu, mpaka mtoto atimize wakati wake. Mumewe, Baba mdogo, alikuwa akiendesha watalii mbugani, nyumbani akionekana kwa nadra kama mvua ya Agosti. Jirani alikuja asubuhi na jioni kupika na kufua. Katikati hapo, mchana kutwa, nilikuwa mimi. Shule zilipofungwa tu mama alinipakilia nguo zangu kwenye kiroba akanipa kazi mbili: kuhakikisha Mama mdogo hashuki kitandani, na kuwatunza samaki wake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hiyo ilikuwa kazi moja.

Kabla hajaolewa Mama mdogo alifanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja mjini, na kwa miaka mitano yeye ndiye aliyelihudumia tangi la samaki lililokuwa pale mlangoni. Hoteli ilipofungwa akaondoka na tangi dogo la akiba, la kioo, urefu wake kama benchi la kanisani likikatwa nusu. Alipoambiwa alale, akataka liwekwe chumbani, mkabala na kitanda chake. Ndani yake waliishi gapi tisa, samaki wa urefu wa ukucha wa kidole gumba, na madume yao yana mikia mipana yenye rangi ambazo mimi, mtoto wa ng'ombe na mahindi, sikuwahi kuziona zimekaa pamoja mahali pamoja. Nilipowaona mara ya kwanza nilisahau kumwamkia. Nilisimama na kiroba changu mkononi, jua kidogo lililopenya dirishani likapita katikati ya mkia mmoja, ukutani kikaanguka kivuli chekundu, na mimi nikaamini kabisa kwamba Mungu alipowaumba hawa alikuwa na siku nzuri na muda wa ziada. Mama mdogo alicheka akasema hata yeye alianza hivyohivyo. Kila mmoja alikuwa na jina. Mchungaji alikuwa mweusi mwenye shingo nyeupe. Bi Harusi alikuwa na mkia mrefu unaoburuta. Watatu waliokuwa wanatembea pamoja waliitwa Kwaya.

Basi nikafundishwa. Mwanajeshi hafundishwi vile. Maji ya bomba yakingwe, yalale ndooni siku mbili ili dawa ya kusafishia maji itoke. Kisha ndoo iletwe chumbani ikae hapo mpaka maji yawe na joto lilelile la tangi, kwa sababu maji ya baridi kwa samaki ni kama kumtoa mtoto kitandani ukamsimamisha nje kwenye umande. Kila Jumamosi nitoe robo ya maji ya zamani kwa mpira mdogo wa maji, nikivuta uchafu wa chini, nirudishe robo ya maji mapya. Mikono ioshwe bila sabuni. Chujio la chai la kuwavulia samaki lisiguse kitu kingine chochote duniani. Chakula kiwe kidogo, kiasi cha kwisha kabla mtu hajamaliza kusali Baba Yetu, na kinachobaki kitolewe kwa sababu kinaoza na uozo ndio mlango wa magonjwa. Na kila asubuhi, kabla sijawapa hata chembe, nikae chini niwatazame. Samaki hana sauti, alisema, wala hana paji la uso ulishike usikie homa. Anachoweza kukwambia ni namna anavyoogelea. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda, yeye amelala ubavu, mkono tumboni, tunawahesabu kwa majina, na ukungu umeegemea dirisha. Siku alizokuwa na hofu, na zilikuwa nyingi, alikuwa anatazama tangi mpaka pumzi zake zinatulia. Hakuwahi kuniambia kwamba wale samaki ndio waliokuwa wanamshikilia pale kitandani. Lakini siku umeme ulipokatika akashindwa kuwaona, nilimkuta ameketi, miguu karibu na sakafu.

Katikati ya Juni Baba mdogo alirudi kwa siku moja, akiwa na mfuko wa plastiki wenye maji. Alikuwa ameupata kwa mtu mmoja wa mtaa wa Kwa Mrombo aliyefuga samaki kwenye pipa. Ndani walikuwamo gapi wawili wa bluu, bluu ya shingo ya tausi. Mama mdogo alimshukuru mumewe, akawatazama wale wawili kwa muda, kisha akatoa amri iliyonivunja nguvu: waende jikoni, kwenye ndoo yao peke yao, na chujio lao peke yao, wiki tatu. Wasiguse tangi mpaka tuwajue.

Mnielewe. Mimi nilikulia upande wa magharibi wa mlima, kwenye boma la Babu, baba yake mama na Mama mdogo. Kwetu mgeni akiingia getini mtoto anakimbia kumwinamishia kichwa ili aguswe utosini. Mgeni hata kama amekuja kudai mbuzi wake aliyepotea ataketishwa ndani, penye joto, na atakunywa maziwa ndipo aulizwe shida yake. Kumweka mgeni jikoni peke yake, kwenye ndoo, gizani, bila hata mtu wa kumsalimia, hiyo ilikuwa aibu ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia. Kila nilipopita jikoni nilihisi wananitazama. Siku ya tatu nikaanza kuwaomba radhi. Siku ya tano, Jumapili, jirani yuko kanisani na Mama mdogo amelala, nikavunja amri. Niliwavua kwa chujio, lile la tangi, nikaingia chumbani kwa ncha za vidole, nikawaachia. Na kwa kuwa kupokea mgeni bila maziwa ni kazi ya nusu, nikachukua kibuyu alichokuwa ametuletea Babu, nikawatilia kijiko kimoja.

Maziwa yalishuka majini kama wingu linaloshuka Meru, yakajikunja, yakatawanyika, samaki wakapita katikati yake wakitokea na kupotea, wale wa bluu wakaungana na Kwaya bila kuulizwa. Sijaona kitu kizuri kama kile. Nimeshaona Kilimanjaro alfajiri, nimeshaona nyumbu elfu moja wakivuka barabara, na bado nasema hivyo. Mama mdogo alipoamka alilitazama tangi kwa kitambo kirefu, kisha akaniomba chai. Nikajiona mjanja kuliko watu wote wa mkoa wa Arusha.

Ujanja wangu uliishi siku sita. Jumamosi Mchungaji alianza kujitupa ubavu kwenye mawe, kama mtu anayejikuna mgongo kwenye nguzo. Jioni nikaona punje nyeupe tatu mkiani mwake, ndogo kama chumvi. Nilijaribu kujiambia ni chakula kimemganda. Asubuhi ya Jumapili zilikuwa hazihesabiki, na Bi Harusi naye anazo, na Kwaya wamekunja mapezi yao wametulia pembeni, hawaimbi. Jumatatu Mchungaji alikuwa amelala chini. Nilimtoa kwa chujio nikamfunika kwa kiganja ili Mama mdogo asimwone, lakini alikuwa ameshaona. Hakulia. Alisema kwa sauti kavu kwamba maji yabadilishwe, mengi, na yapashwe moto, na kwamba mimi sitaziweza zile ndoo. Akafunua blanketi. Nilimsihi, nikamkumbusha maneno ya daktari, nikasimama mlangoni nikiwa nimetanua mikono kama kipa. Akasema mimi ni mtoto wa miaka tisa, nisimfundishe.

Hapo ndipo Babu alipobisha hodi. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kuleta maziwa. Alikuwa mzee mrefu, shuka jekundu begani, katambuga za matairi miguuni, na fimbo ambayo ng'ombe wa vijiji vitatu waliijua. Kawaida yake alikaa sebuleni akaongea na binti yake kupitia pazia, kwa sababu kwa desturi yetu baba haingii chumba anacholala binti yake na mumewe. Haingii. Nyumba inaweza kuwaka moto, atasimama nje akielekeza. Nilikimbia, nikamwinamishia kichwa, akaniwekea kiganja utosini. Nikamwambia samaki wanakufa na Mama mdogo anainuka. Akaenda mpaka kwenye pazia, akasimama hapo, akaanza kuuliza kama anavyouliza habari za ng'ombe wa jirani.

"Wanakula?"

"Wanatema, Babu."

"Wanajikuna?"

"Kwenye mawe."

"Na pumzi?"

"Za harakaharaka."

Nilisikia fimbo ikigusa sakafu mara mbili. "Nashipai," akasema, "zizini humo kuna mgeni?"

Lazima niwaambie kwamba kwenye boma la Babu, nyuma kabisa, upande ambao upepo unatoka zizini kwenda nje na haurudi, kulikuwa na kizizi kidogo cha miiba. Ng'ombe aliyenunuliwa mnadani hakuwahi kuungana na wenzake siku hiyohiyo. Alikaa kule peke yake, na maji yake na majani yake, Babu akimtazama pua, macho na kinyesi kila asubuhi mpaka aridhike. Nilikuwa nimekiona kile kizizi maisha yangu yote. Nilikuwa nimepeleka majani mle kwa mikono yangu. Na sikuwahi, hata mara moja, kufikiri kwamba samaki naye ni mfugo. Kichwani mwangu ng'ombe wa mnadani alikuwa ng'ombe, na wale wawili wa bluu walikuwa wageni.

Nikalia nikasema yote, mpaka maziwa.

"Vijiko vingapi?" Babu akauliza.

"Kimoja."

"Nashipai."

"Vitatu, Babu."

Nilikuwa nangoja fimbo. Ikaja sauti ya Mama mdogo kutoka kitandani. "Baba, usimgombeze huyu. Niliwaona Jumapili ileile nilipoamka. Walipendeza mno pale ndani. Nikasema walale pamoja leo tu, kesho nitamwambia awatoe. Kesho nayo nikasema kesho." Akavuta pumzi. "Nipisheni sasa, nikachote maji."

Kitanda kikalia. Na Babu, aliyekuwa amezika wake wawili na kutahiri wana saba bila kuvunja desturi hata moja, akavua katambuga zake, akazipanga vizuri kando ya ukuta, akasogeza pazia akaingia, macho yake yakitazama sakafu.

"Nengai, rudisha miguu kitandani. Ndoo nabeba mimi. Wewe sema tu."

Mama mdogo alimtazama baba yake amesimama chumbani mwake peku, na sidhani kama kuna daktari angeweza kumlaza haraka vile. Akarudisha miguu. Babu akageukia tangi. Hakuwa ameliona kabla ya siku hiyo, alikuwa akilisikia tu kupitia pazia na nadhani alikuwa akilidharau. Alipiga magoti mbele ya kioo, taratibu, goti moja kisha la pili, mpaka uso wake ukawa sawa na wa samaki. Mmoja wa Kwaya akaja mpaka puani pake. Wakatazamana. Babu akasema, si kwetu sisi, "Kumbe na hawa wana kope za kutazamia mtu." Samaki hana kope, lakini ningemsahihisha nani?

Kwa siku kumi na mbili zilizofuata, mzee aliyekuwa halali nje ya boma hata kwa msiba alilala kwenye kochi la Moshono, ng'ombe akiwaachia wajomba. Mama mdogo aliamuru akiwa amelala, sisi tukatii. Chumvi ya mawe, iliyopondwa na kuyeyushwa kwanza, ikaingia kidogokidogo. Maji ya chini yakavutwa kila siku badala ya kila Jumamosi, kwa sababu alisema ugonjwa ule unaanguka kutoka kwa samaki ukazaliana kwenye mchanga. Joto lilipaswa kupanda polepole na kukaa hapo, na sisi hatukuwa na kifaa, kwa hiyo tukajaza chupa za plastiki maji ya moto, tukazifunga, tukaziacha zielee, zikipoa tunabadilisha. Mimi nilibadilisha chupa kama elfu nne. Bado joto lilikuwa linakimbia kupitia kioo. Siku ya pili Babu akavua shuka lake jekundu akalizungusha tangi pande tatu, akaacha upande wa kitanda ili binti yake aone. Tangi likawa mzee wa Kiarusha kabisa, lilibaki kupewa fimbo.

Bi Harusi alikufa, na wawili wa Kwaya. Babu aliwazika chini ya mgomba mmojammoja. Wale wawili wa bluu hawakuota hata punje. Waliogelea katikati ya wagonjwa wakimeremeta, na Babu alikuwa anawaelekezea kidole akiniambia niwatazame vizuri: ng'ombe anayeleta maradhi mara nyingi ni yule anayetembea kifua mbele. Ameshaugua huko alikotoka, akapona, akabaki nayo. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeonyesha mlima.

Siku ya tisa punje zilianza kupungua. Siku ya kumi na moja asubuhi nikaenda kwenye kigoda changu kuwahesabu na nikaona majini nukta mbilimbili zinazotembea. Yalikuwa macho. Nyuma ya kila macho mawili kulikuwa na mwili mwembamba unaopitisha mwanga kama kioo, na moyo, nawaapia, moyo ulionekana ukipiga. Gapi hatagi, anazaa, na mmoja wa majike waliobaki alikuwa amezaa katikati ya ugonjwa wote ule. Tulikuwa watatu mbele ya kioo kile, mmoja amelala, mmoja amepiga magoti, mmoja kwenye kigoda. Kisha samaki mkubwa akapita akammeza mtoto mmoja, na Babu akasimama kwa hasira akitaka kujua huu ni ukoo gani. Tukawahamishia wadogo kwenye ndoo. Mama mdogo alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akaacha mkono hapohapo, akasema kwa mshangao kwamba mtoto amegeuka.

Miaka mingi baadaye, nikimalizia kidato cha nne kwa masomo ya jioni huku nikiwa na umri wa kumzaa jirani yangu wa dawati, mwalimu wa baiolojia alichora ubaoni kijidudu kimoja kinachokaa chini ya ngozi ya samaki, kinashiba, kinadondoka, kinajifungia kwenye ganda na kugawanyika kuwa mamia, na kila kimoja katika yale mamia kinaondoka kuogelea kikitafuta ngozi. Darasa zima lilikuwa linasinzia. Mimi nilisimama. Nilikuwa nimevuta uchafu wa mchanga ule kwa mpira siku kumi na mbili bila kujua navuta nini, na sasa naonyeshwa kwamba kwenye robo ya ndoo mlikuwa na umati mkubwa kuliko soko la Jumamosi, na kwamba mwanamke aliyelala kitandani na mzee asiyejua kusoma waliushinda kwa chumvi na chupa za moto.

Mtoto wa Mama mdogo alizaliwa Agosti, amekamilika, wa kike, analia kama honi ya lori. Ukoo wote ulishuka kumwona. Babu aliwasimamisha getini. Aliketi pale na fimbo yake akamuuliza kila mmoja kama anakohoa, katoka wapi, nyumbani kwake nani anaumwa, na wengi walirudishwa wakiwa na vitenge vyao vya zawadi mikononi, wamenuna. Yeye mwenyewe, aliyemngoja mjukuu yule kuliko mtu yeyote, hakumshika mpaka wiki tatu zilipotimia. Alipokuja kukamata mikono ile midogo alikuwa ameiosha yake mara nne. Nilizikumbuka wiki zile miaka ya karibuni, wakati wa korona, pale kila mlango wa mji huu ulipowekewa ndoo ya kunawia na watu wakaudhika kwamba wanatengwa na ndugu zao.

Babu ameshatutoka. Moshono imejaa maghorofa, na mimi naishi Kijenge na matangi matatu, si moja. Yana hita zinazojiwasha zenyewe, zina taa ndogo nyekundu ya kukuonyesha kwamba joto liko sawa. Nina vikaratasi vya kupima maji, nina dawa ya chupa, nina simu inayonikumbusha siku ya kubadilisha maji. Samaki wapya wanakaa ndoo ya peke yao siku ishirini na moja, bila maziwa. Najua mambo mengi kuliko nilivyojua, na nilikuwa najivuna nayo sana mpaka mwaka jana Mama mdogo alipokuja kunitembelea. Nywele zimeingia mvi, magoti yanamsumbua. Nikamwonyesha vifaa vyote, nikamweleza kila taa na kila namba, nadhani niliongea nusu saa. Yeye alikuwa ameshavuta kiti mbele ya tangi la katikati. Hakuwa ananisikiliza. Alitazama kama alivyokuwa akitazama enzi zile, kichwa kimeinama upande, halafu akagusa kioo kwa ukucha.

"Huyu wa pembeni hajala tangu jana," akasema.

Nikaangalia taa. Ilikuwa nyekundu, kila kitu sawa. Nikaangalia kikaratasi, kila kitu sawa. Kisha nikainama karibu naye nikamwangalia samaki, kwa mara ya kwanza baada ya siku ambazo sikuweza kuzihesabu, na tumbo lake lilikuwa limebonyea, na pezi moja limekunjwa.